Tahariri: Mashini ya michezo isiwe ile ile ya kuchapia TFC

Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuhudumia Windows 10, programu ambayo imekuwa roho ya kompyuta nyingi duniani tangu 2015. Hapa Uvira siku hiyo ilipita kimya. Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, kule umeme ulikuwepo, mashini ziliwaka asubuhi kama jana yake. Barua zilichapwa, fotokopi zilitoka, na jioni vijana walikusanyika mbele ya skrini zile zile kucheza mpira wa PES na kuendesha magari ya GTA San Andreas, mchezo uliotoka kwa kompyuta 2005, wakati wengi wao walikuwa hawajazaliwa.

Ndiyo maana wengi wanauliza: kama mashini inawaka na mchezo unacheza, tatizo liko wapi?

Swali hilo ni la haki, na tunataka kulijibu bila kutisha watu na bila kuwadanganya. Msimamo wetu ni huu. Michezo ya zamani inastahili kuendelea kuchezwa, na mashini za zamani bado zina kazi ya kufanya. Lakini mashini inayochezewa michezo ya kunakiliwa haipashwi kuwa ile inayobeba TFC ya mwanafunzi, orodha ya mishahara ya walimu, au barua za mama muuza ndagala anayeomba mkopo. Leo, katika mitaa yetu, mara nyingi ni mashini moja inayofanya yote hayo. Hapo ndipo hatari iko.

Nini kimekwisha, na nini hakijakwisha

Tuanze na kuondoa uvumi. Windows 10 haijazimwa. Hakuna mtu atakayekuja kufunga kompyuta yako kutoka mbali. Kilichokwisha ni matengenezo ya bure. Kila mwezi Microsoft ilikuwa inaziba matundu ya usalama yaliyogunduliwa ndani ya programu hiyo, sawa fundi anayepita kila mwezi kuangalia mabati ya nyumba. Sasa fundi hapiti tena. Nyumba bado imesimama, ila tundu jipya likipatikana, litabaki wazi, na wezi wote watajua liko wapi.

Si mara ya kwanza. Windows XP, iliyotoka 2001, iliachwa tarehe 8 mwezi wa nne 2014. Windows 7, iliyotoka 2009, iliachwa tarehe 14 mwezi wa kwanza 2020. Kiisha programu zingine hufuata polepole. Chrome iliacha Windows 7 mwanzoni mwa 2023. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, iliiacha tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024. Mtu aliyenunua michezo yake kule kwa pesa zake, akiwa na mashini ya Windows 7, aliambiwa atafute mashini nyingine.

Kwa Windows 10, Microsoft imetoa muda wa nyongeza kwa watu binafsi hadi tarehe 13 mwezi wa kumi 2026. Anayetaka anaweza kulipa dolari 30, au kukubali kuhifadhi mipangilio ya mashini yake kwenye akaunti ya Microsoft, au kutumia pointi anazopewa mteja wa kampuni hiyo. Wakaaji wa nchi za Ulaya walipewa mwaka huo bila kulipa na bila sharti la kuhifadhi mipangilio, baada ya mashirika ya kutetea wateja kupiga kelele. Somo tunalolipata ni rahisi: mwenye shirika la kumsemea alisikilizwa.

Na kuhamia Windows 11? Programu hiyo inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, zilizoanza kutoka 2017. Kompyuta nyingi zinazotufikia hapa ni za mkono wa pili na ni za zamani kuliko hapo. Wapo mafundi wanaoipitisha Windows 11 kwa dirisha baada ya kukataliwa mlangoni. Inawezekana, lakini Microsoft yenyewe inasema mashini ya namna hiyo haina uhakika wa kupata matengenezo. Mtu anarudi pale pale alipokuwa, ila mashini yake imekuwa nzito zaidi.

Kwetu, huduma ilikwisha zamani

Sasa tuseme ukweli ambao wataalamu wa Ulaya na Marekani hawausemi, kwa sababu hawaishi hapa. Kwa kompyuta nyingi za Uvira, huduma ya Windows haikukwisha mwezi wa kumi. Haikuwahi kuanza.

Kila mwenye mashini anajua sababu. Matengenezo yanapita kwa intaneti, na intaneti ni mega, na mega ni pesa. Furushi moja la matengenezo linaweza kumeza mega za juma zima. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo fundi wa mtaani anafanya akimaliza kuweka Windows ni kuzima matengenezo. Mteja mwenyewe ndiye anayemuomba. Na Windows yenyewe mara nyingi ni ya kunakiliwa, imefunguliwa kwa programu ndogo iliyopita kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, hakuna anayejua imetoka wapi.

Gharama ya mazoea haya dunia iliiona mwaka wa 2017. Mwezi wa tatu mwaka huo Microsoft ilitoa dawa ya tundu moja kubwa. Tarehe 12 mwezi wa tano, virusi vilivyoitwa WannaCry vikapita kwenye tundu hilo hilo na kufunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150, vikidai malipo ili mwenye faili azipate tena. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Wengi waliopigwa walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Dawa ilikuwepo miezi miwili. Hawakuwa wameinywa.

Mfano huo unatufaa kwa sababu ni picha yetu. Tofauti ya leo na jana ni kwamba jana, mtu mwenye mega angeweza kuamua kuinywa dawa. Kesho, kwa Windows 10 isiyo na muda wa nyongeza, hata mwenye mega hataipata.

Flashi moja, kazi mbili

Mwandishi wa maneno haya ana deni la kusimulia yake. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, nilipeleka flashi yangu kuchapisha sura tatu za TFC katika chumba kimoja cha kuchapa maandishi. Mchana mashini ile ilikuwa inachapa. Usiku mwenyewe aliikodisha kwa vijana wa michezo. Nilipofika nyumbani na kufungua flashi, sikuona sura zangu. Niliona alama ndogo za njia ya mkato, kila moja na jina la faili yangu, na hakuna iliyofunguka.

Rafiki mmoja aliniambia flashi imekufa, niifomati. Nikafomati. Miezi baadaye fundi aliyejua kazi alinieleza kwamba sura zangu zilikuwa bado mle mle. Virusi vilikuwa vimezificha tu na kuweka alama za uongo mahali pake. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ndiye nilizifuta. Sura mbili nilizipata kwa karatasi. Ya tatu niliiandika upya, na hadi leo naamini ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Simlaumu mwenye chumba kile. Alikuwa na mashini moja, watoto wa kulisha, na saa chache za umeme kwa siku. Mchana hakuna wateja wa kutosha wa kuchapa, usiku hakuna anayechapa kabisa. Michezo ndiyo iliyolipa jenereta. Ni ile Article 15 ambayo kila Mkongomani anaijua bila kuisoma mahali popote: jitegemee. Lakini Article 15 yake ilikula TFC yangu, na nina hakika sikuwa wa mwisho.

Mambo yanavyokwenda ni haya. Mchezo wa kunakiliwa hauji peke yake. Unakuja na faili ndogo iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana ili kuvunja kufuli la mchezo. Programu ya kuzuia virusi ikipiga kelele, kijana anaambiwa aizime kwanza, kiisha aweke mchezo. Mara nyingine kelele ilikuwa ya bure. Mara nyingine ilikuwa ya kweli. Kuanzia hapo, kila flashi inayoingia katika mashini ile inatoka na mgeni. Flashi inakwenda nyumbani, inakwenda ofisini, inavuka mpaka wa Kavimvira hadi Bujumbura, inapanda mashua Kalundu kwenda Baraka na Kalemie. Virusi havihitaji intaneti katika nchi ambayo watu wenyewe ndio waya.

Thamani ya mchezo wa zamani

Kuna wazazi watakaosoma hapa na kusema: basi, fungeni vyumba vya michezo. Malalamiko yao tunayajua. Mtoto anatoka nyumbani na daftari, anaishia kwenye skrini. Minervali inageuka saa za kucheza. Katika hilo wazazi wana haki, na mwenye chumba anayempokea mtoto mwenye yunifomu saa nne asubuhi anapashwa kuona haya.

Hata hivyo, tusitupe mtoto pamoja na yunifomu. Waulize mafundi wa kompyuta wa mji huu walianzia wapi. Wengi watakwambia: mchezo. Kijana anayetaka San Andreas iende vizuri kwenye mashini dhaifu anajifunza RAM ni nini, nafasi ya disk ni nini, draiva ni nini, faili inakaa wapi na kwa nini mchezo unakataa. Mchezo ule ulidai prosesa ya GHz 1 tu na RAM ya MB 256, kwa hiyo hata kompyuta iliyochoka inauweza. Hakuna masomo mengi hapa yenye chumba cha kompyuta ambacho mtoto anaruhusiwa kugusa, kuharibu na kutengeneza. Mchezo wa zamani ndio umekuwa maabara.

Tena michezo hii ni kumbukumbu. Kizazi chetu kilijua mpira wa PES 6 wa 2006 kama kizazi cha baba zetu kilivyojua rumba ya redio. Huko duniani, washabiki wa mchezo huo wanaendelea kuuwekea vikosi vipya kwa kujitolea, karibu miaka 20 baadaye. Mwaka wa 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Kama ingekuwa vitabu, tungesema maktaba imeungua.

Kufuli lililomfungia nje mwenye nyumba

Kwa nini mchezo wa zamani unakufa? Mara chache ni kwa sababu umechoka. Mara nyingi ni kwa sababu nyumba uliyojengewa imebadilishwa.

Sababu ya kwanza ni lugha ya mashini. Michezo ya miaka ya 1990 mwanzoni iliandikwa kwa kompyuta za biti 16. Windows za biti 64 haziielewi tena, na Windows 11 haina toleo lingine isipokuwa la biti 64. Hapo dawa ipo tangu 2002: programu ya bure inayoitwa DOSBox, inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya.

Sababu ya pili inauma zaidi. Kampuni nyingi za michezo ziliweka kufuli kwenye CD ili zisinakiliwe. Kufuli moja lililojulikana sana liliitwa SafeDisc. Mwaka wa 2015 Microsoft iliona kwamba kufuli hilo lenyewe ni tundu la usalama. Ikaliacha nje ya Windows 10, na mwezi wa tisa mwaka huo huo ikalizima pia kwenye Windows za nyuma yake. Matokeo? Mtu aliyenunua CD ya halali alikataliwa mlangoni na mchezo wake mwenyewe, na aliyenakili akaendelea kucheza. Mtu akitaka kujua kwa nini vijana hawaheshimu sheria ya hakimiliki, aanzie hapo.

Sababu ya tatu ni seva. Mchezo unaotegemea kompyuta za kampuni ili uchezwe hufa siku kampuni inapozima taa. Mwezi wa tano 2014 huduma ya GameSpy ilifungwa, na michezo mingi ikapoteza njia yake ya kuchezwa na watu wengi kwa pamoja. Mwezi wa tatu 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za mchezo wa magari The Crew, na waliounuwa hawakuweza hata kuucheza peke yao. Kutokana na tendo hilo lilizaliwa vuguvugu la Stop Killing Games, na mwezi wa saba 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja. Halidai kampuni ihudumie mchezo milele. Linadai kwamba kampuni ikiondoka iache mchezo katika hali inayochezeka.

Sisi tunaunga mkono dai hilo, na tunaongeza la kwetu. Katika mji ambao intaneti ni ghali na inakatika, mchezo unaodai seva ni mchezo uliokwisha kufa siku unapouzwa. Michezo ya zamani inapendwa hapa kwa sababu haimuombi mtu mega wala kadi ya benki. Inamuomba umeme tu.

Tufanye nini?

Tahariri inayotaja ugonjwa na kunyamaza kuhusu dawa ni maneno ya bure. Kwa hiyo tunasema na kila mtu kwa zamu.

Kwa wenye vyumba vya kuchapa na vya michezo: tenganisheni. Kama una mashini mbili, moja iwe ya michezo na isiguse intaneti kabisa, wala flashi ya mteja wa kuchapa. Hiyo inaweza kubaki na Windows 10, hata Windows 7, hata XP. Mashini isiyounganishwa na isiyopokea flashi za watu ni kama nyumba mbovu iliyo katikati ya kisiwa: mwizi hana njia. Nyingine iwe ya kazi, na haiwekwi mchezo, hata mmoja, hata kwa mtoto wako mwenyewe.

Kama una mashini moja tu, igawe vyumba viwili. Mafundi wetu wanajua kuweka Windows na Linux katika disk moja, na mtu anachagua wakati wa kuwasha. Linux Mint ni ya bure, inahudumiwa, na inakwenda vizuri kwenye mashini ambazo Windows 11 inazikataa. Ndani yake kuna LibreOffice, inayofungua na kuandika faili za Word. Faili ya kuiweka ina ukubwa wa karibu GB 3. Ni kweli, hizo ni mega nyingi. Lakini inashushwa mara moja tu, inawekwa kwenye flashi, na flashi hiyo inahudumia mtaa mzima. Wenye vyumba kumi wakichangia, kila mmoja atalipa kidogo. Ni salongo ya kompyuta.

Na michezo? Programu ya bure inayoitwa Wine, iliyoanza 1993, inafungua programu nyingi za Windows ndani ya Linux. Valve, kampuni yenye Steam, iliijengea juu yake programu ya Proton mwaka wa 2018. Kuna michezo ya zamani inayokwenda vizuri humo kuliko kwenye Windows mpya. Si yote. Anayetaka mchezo fulani ajaribu kwanza kabla ya kutangaza ushindi.

Hatutadanganya watu kwamba kunakili mchezo ni halali. Si halali, na Kongo yenyewe ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Lakini pia hatutajifanya hatujui kwamba kijana wa Mulongwe hana kadi ya benki ya kununulia kwenye duka kama GOG, linalouza michezo ya zamani bila kufuli tangu 2008. Kwa hiyo tunaelekeza kule kusiko na kosa: ipo michezo ya bure kabisa, inayoruhusiwa kunakiliwa. SuperTuxKart ni ya mbio za magari. 0 A.D. ni ya vita na ujenzi wa miji ya kale, na kati ya mataifa ya kuchagua mna dola ya Kushi ya Waafrika wenzetu wa Nubia. Mwenye chumba anayeiweka hahitaji kuvunja kufuli, na kwa hiyo haleti mgeni ndani ya nyumba.

Kwa wanafunzi: andika TFC yako mahali pawili, siku zote. Maandishi matupu hayazidi mega chache. Kila jioni jitumie nakala kwa barua pepe au kwa WhatsApp. Ukiona flashi imejaa alama za njia ya mkato, usifomati. Ipeleke kwa mtu mwenye Linux aifungue. Mara nyingi faili zilizofichwa zinaonekana pale pale. Kama ningelijua hilo wakati wangu, tahariri hii ingekuwa na hadithi moja pungufu. Na virusi si adui pekee. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipofurika, maji hayakuuliza flashi ipi ina nakala.

Kwa wanaolipa na kupokea pesa kwa kompyuta: msifungue akaunti ya benki wala barua pepe ya kazi kwenye mashini inayochezewa. Hata kama ni ya ndugu. Hata kama ni dakika moja.

Kwa viongozi: baada ya Bukavu kuchukuliwa na M23 mwezi wa pili 2025, serikali ya jimbo la Kivu ya Kusini ilihamia hapa Uvira. Nchi ilikuwa imejiwekea mpango wa taifa wa dijitali ulioitwa Horizon 2025. Mwaka wenyewe umefika. Hatuombi makubwa. Tunaomba ofisi za serikali na masomo zihesabu kompyuta zao, zijue ngapi zina Windows 10 na ngapi zina za nyuma zaidi, na zile zenye orodha za raia na za mitihani zihamishiwe kwenye programu inayohudumiwa. Linux hailipiwi. Kinacholipiwa ni fundi wa siku chache, na mafundi tunao.

Tunaomba pia jambo moja kuhusu misaada. Shirika likileta kompyuta za zawadi, liulizwe kwanza: zina umri gani, na zitahudumiwa hadi lini? Kampuni ya uchunguzi Canalys ilikadiria mwisho wa 2023 kwamba kuisha kwa Windows 10 kunaweza kugeuza kompyuta milioni 240 kuwa takataka. Dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za umeme mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorudishwa kazini kwa utaratibu unaojulikana. Mashini hizo zitatafuta pa kwenda. Zikija kwetu zikiwa nzima, na zikawekwa Linux, ni baraka. Zikija zimekufa, tutabaki na risasi na zebaki yake. Hapa kila kinachotupwa katika mto Mulongwe au Kalimabenge kinaishia ziwani, na ziwani ndimo tunamotoa ndagala na mikeke.

Wakati wa vita, michezo?

Tunasikia sauti ya mwisho: mji una wakimbizi, barabara ya kwenda Bukavu si ya kupitika ovyo, bei zinapanda, na nyinyi mnaandika juu ya michezo ya kompyuta.

Ndiyo, tunaandika. Wakati wa vita mtu hanunui mashini mpya. Anatunza aliyo nayo. Aliyekimbia na kitu kimoja chini ya kwapa mara nyingi alikimbia na kompyuta, au na flashi tu, na ndani yake mna diploma, picha za marehemu, na TFC isiyokwisha. Kijana asiye na kazi, asiyetaka kubeba bunduki, anakaa mbele ya skrini ya zamani saa mbili na kusahau. Hatuoni haya kutetea saa mbili hizo. Tunachotaka ni kwamba saa mbili za furaha ya mmoja zisifute miaka mitano ya masomo ya mwingine.

Kwa hiyo jioni hii, kabla ya kuzima mashini, mwenye chumba ajiulize swali moja tu: kesho asubuhi mwanafunzi akija na flashi yake, nitaiingiza wapi? Kama jibu ni kwenye mashini ile ile iliyochezewa usiku, kazi ya kutenganisha ianze kesho hiyo hiyo, kabla mteja wa kwanza hajaingia.